Kuzingirwa kwa Ngome ya Yesu: Dhana Potofu na Ukweli wa Miezi 33

Tarehe 13 Machi 1696, kaskazi ikiwa katika siku zake za mwisho, merikebu za Saif bin Sultan, Imamu wa Oman, zilitokea mbele ya kisiwa cha Mombasa. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 1698, watu wake waliegemeza ngazi kwenye kuta za Ngome ya Yesu, wakapanda, na muda si muda bendera nyekundu ya Oman ikawa inapepea pale ilipokuwa ya Mreno. Mwanzo huo na mwisho huo unajulikana na wengi, hasa waliosoma historia ya pwani shuleni. Kilichopindika ni yaliyopita katikati. Kisa kinachosimuliwa mara nyingi kina pande mbili tu, Wareno ndani na Waarabu nje. Kina mizinga inayonguruma bila kupumzika. Na kina wenyeji waliosimama kando wakingoja kujua bwana wao mpya atakuwa nani. Kila kipande cha kisa hicho kina kasoro, na kasoro kubwa kuliko zote ni hiyo ya mwisho, kwa sababu inawafuta watu ambao bila wao ngome isingedumu hata nusu ya muda ule.

Dhana: mizinga ya Oman iliivunja ngome

Mtu anayeingia ngomeni leo hukuta mizinga imepangwa uani, akaitazama na kuta zile nene, na akili yake humaliza kisa yenyewe. Lakini mizinga hiyo si ya zama moja. Imo hata ya merikebu za Vita vya Kwanza vya Dunia, Königsberg ya Wajerumani na Pegasus ya Waingereza, ambazo hazina uhusiano wowote na Imamu Saif.

Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593, miaka michache baada ya Mir Ali Bey, nahodha wa Waturuki, kuja pwani hii mara mbili na kuwatia Wareno hofu ya kupoteza njia yao ya Bara Hindi. Ramani yake ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, mhandisi kutoka Milano aliyekuwa akimtumikia mfalme wa Ureno na Hispania. Aliiweka juu ya mwamba wa matumbawe kwenye mlango wa bandari ya kale, akaipa buruji nne, São Felipe, São Alberto, São Mateus na São Matias, zilizotokeza nje kwa namna ambayo mlinzi wa buruji moja aliweza kumpiga adui aliyefika chini ya ukuta wa jirani yake. Upande wa nchi kavu lilichimbwa handaki mwambani. Sehemu ya chini ya kuta si jengo hata kidogo; ni mwamba wenyewe uliochongwa ukasimama wima, na uashi umeanzia juu yake.

Ukuta wa aina hiyo hauangushwi ila kwa mizinga mizito ya nchi kavu, iliyosogezwa karibu sana, yenye baruti tele na mafundi wa kuchimba mahandaki ya kuukaribia. Jeshi la Imamu, lililokuwa na watu wapatao 3,000 lilipofika, halikuja na zana za namna hiyo kwa kiasi cha kutosha. Walipiga, na mara kadhaa walijaribu kushambulia, lakini hawakupata tundu la kupitia. Kazi waliyoifanya ni nyingine: waliushika mji, wakakishika kisiwa pamoja na kivuko cha Makupa kinachokiunganisha na bara, wakaketi. Kwa hiyo kuta zilizopandwa kwa ngazi Desemba 1698 zilikuwa nzima. Kilichokuwa kimebomoka ni idadi ya watu waliopaswa kusimama juu yake, kwa maana usiku ule kamanda wa ngome alikuwa amebakiwa na watu tisa na kasisi mmoja.

Lililowamaliza wenzao ni maradhi na njaa. Ndani ya kuta zile kulikuwa na msongamano wa watu, na kisima chao, ingawa kilichimbwa kirefu ndani ya matumbawe, kilitoa maji ya chumvichumvi, hivyo tegemeo la kunywa lilikuwa birika lililokusanya maji ya mvua. Ugonjwa ulipozuka mwanzoni mwa mwaka 1697 uliwakuta watu waliokwisha kudhoofika kwa miezi kumi ya kula akiba. João Rodrigues Leão, kamanda aliyekuwapo siku ya kwanza, alikwisha kufa Oktoba 1696. António Mogo de Melo, aliyeshika nafasi yake, alikufa mwishoni mwa Agosti 1697. Hakuna haja ya kutafuta mzinga wa kueleza jambo hili.

Dhana: Goa iliitupa Mombasa

Husemwa kwamba wakubwa wa Kireno waliokaa Goa huko Bara Hindi, makao makuu ya milki yao ya mashariki, waliwaacha wenzao wafe. Ukweli ni kwamba misafara ya msaada ilikuja, na zaidi ya mara moja. Wa kwanza ulitia nanga siku ya Krismasi mwaka 1696, ukiongozwa na Luís de Melo de Sampaio. Merikebu zikaja tena katikati ya Septemba 1697, safari hii kutoka Msumbiji. Msafara mwingine ulifika Desemba 1697, na wa mwisho Desemba 1698, siku chache baada ya mambo kwisha.

Tarehe hizo ni ufunguo wa mkasa mzima, na msomaji aliyekulia pwani ataliona jambo hili upesi kuliko mwanahistoria aliyekaa ofisini Lisbon. Kaskazi huvuma kuanzia mwezi wa Desemba hadi Machi, ikileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi hushika zamu yake kuanzia Aprili, na katika miezi yake mikali bahari hufungwa, kisha inapotulia huchukua vyombo kutoka kusini kwenda kaskazini. Waomani walifika katikati ya Machi, kaskazi ikiwa inakata. Kwa hiyo habari za kuzingirwa zilipaswa kungoja kusi ili zifike Bara Hindi, na msaada ulipaswa kungoja kaskazi nyingine ili uje. Kutoka 13 Machi hadi 25 Desemba ni zaidi ya miezi tisa, na muda huo hauelezi uzembe wa mtu, unaeleza upepo. Merikebu za Septemba 1697 ziliwahi kwa sababu zilitoka Msumbiji na kubebwa na kusi iliyobaki. Kila tarehe ya msaada inaangukia pale ambapo nahodha yeyote wa jahazi angeitarajia.

Nasema hivyo si kwa kuwatetea Wareno. Lawama wanayostahili ipo, lakini iko mahali pengine: misafara ilifika, ikateremsha askari, baruti na vyakula, kisha ikaondoka, na hakuna hata kikosi kimoja chao kilichofaulu kuwang'oa Waomani mjini. Askari wapya walioteremshwa waliingizwa katika ngome ileile yenye ugonjwa uleule, wakafa kama waliowatangulia. Na kwa kuwa merikebu za vita ziliogopa kukaa kwa muda mrefu katika mlango mwembamba ambao ng'ambo zake zote mbili zilikuwa wazi kwa adui, msaada uligeuka kuwa kama maji yanayomiminwa katika mtungi uliotoboka.

Wenye mazoea ya kudhani kwamba mzingira ulikuwa umefungwa kabisa, hapiti hata mtumbwi, wanakosea pia. Ngome ina njia ya mawe iliyochongwa kupita mwambani hadi kwenye maji, na chombo kilichofika chini ya kuta zake kilikuwa chini ya ulinzi wa mizinga yake. Vyombo vidogo vilijaribu kupenya, vingine vikafika na vingine vikakamatwa. Adui mkuu wa waliomo ndani hakuwa kufuli la bahari peke yake, bali kalenda ya upepo iliyofanya shehena kubwa ipatikane mara moja au mbili tu kwa mwaka.

Katika merikebu za Septemba 1697 ilikuwamo Santo António, ambayo jina lake kamili ni Santo António de Taná. Watu wengi wakisikia "merikebu ya Kireno" huwaza chombo kilichojengwa Ulaya. Hii iliundwa Bassein, kwenye pwani ya magharibi ya Bara Hindi, mwanzoni mwa miaka ya 1680, na mbao zake zilikuwa za msaji wa huko. Oktoba 1697 ilikatika nanga ikiwa chini ya mashambulizi, ikapwelewa, na hatimaye ikazama karibu na ngome iliyokuja kuiokoa. Ilikaa huko hadi wapiga mbizi walipoipata katika karne ya 20, na kati ya mwaka 1977 na 1980 ilichimbuliwa kwa ushirikiano wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wataalamu wa akiolojia ya baharini. Vitu vyake vimewekwa ngomeni, na miongoni mwake vimo vyombo vya kauri vya Kichina na mbao zilizochongwa kwa ustadi. Mtu akitaka kuelewa kwamba bahari hii ilikuwa soko moja kutoka China hadi Mombasa, na kwamba Mreno alikuwa mgeni aliyejipenyeza ndani yake, akavitazame vyombo hivyo kwa utulivu.

Upande wa Oman nao umepotoshwa kwa picha ya majahazi mepesi dhidi ya manowari. Wareno walifukuzwa Maskati mwaka 1650, na katika miaka iliyofuata Waomani walijenga jeshi la majini lenye merikebu kubwa za mizinga, baadhi wakiziteka kwa Wareno wenyewe. Waliuvamia mji wa Mombasa miaka mingi kabla ya 1696, wakafika hata Msumbiji. Mwaka 1715, msafiri wa Kiskoti Alexander Hamilton aliorodhesha katika kundi lao merikebu moja yenye mizinga 74 na mbili zenye mizinga 60 kila moja.

Dhana: ilikuwa vita ya Wareno na Waarabu

Hapa ndipo penye uzito. Siku merikebu za Imamu zilipoonekana, askari wa Kireno waliokuwa ngomeni hawakufika mia moja. Waliokimbilia ndani pamoja nao walikuwa watu wa pwani zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto. Hesabu hiyo peke yake inatosha kubadilisha jina la tukio. Ngome ilikuwa ya Mreno kwa bendera na kwa funguo, lakini matumbo yaliyokuwa na njaa, mikono iliyobeba maji na mabega yaliyobeba magobore yalikuwa kwa wingi ya wenyeji.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa mwishoni mwa Agosti na Septemba 1697. Mogo de Melo alipokuwa anakufa, hapakuwa na ofisa wa Kireno aliyebaki wa kumkabidhi ngome. Alimkabidhi Sheikh Daud, mtu wa ukoo wa watawala wa Faza, mji ulioko katika kisiwa cha Pate. Waliobaki pamoja na Daud walikuwa jamaa zake 17, wanaume wengine wanane wa Kiafrika, na wanawake 50 wa Kiafrika. Wakawa wao ndio jeshi.

Inafaa kusimama hapo kidogo na kulihesabu jambo lenyewe. Daud na hao wote ni watu 76. Ngome ina buruji nne, zenye kuta ndefu kati yake, na upande mmoja unatazama bahari huku mwingine ukitazama mji uliojaa adui. Wagawe kwa nne: ni watu 19 kwa kila buruji, na hapo hakuna aliyelala, hakuna mgonjwa, hakuna anayepika, wala hakuna aliyeshuka kwenye birika kuchota maji. Tukiwaweka kwa zamu mbili, ni watu tisa au kumi katika kila pembe usiku kucha, na katika kila watatu wa hao, wawili ni wanawake. Mwanamke aliyesimama gizani juu ya São Mateus, akiwa na bunduki iliyokuwa ya askari aliyezikwa wiki iliyopita, alipaswa kuwafanya watu waliokuwa mjini waamini kwamba ukuta bado una wenyewe. Nao waliamini, au angalau hawakuthubutu kujaribu vya kutosha, mpaka merikebu zilipokuja kutoka Msumbiji. Hakuna hata mmoja katika wanawake hao 50 ambaye jina lake linatajwa katika kisa hiki, ilhali majina ya makamanda waliokufa kitandani yanakaririwa. Hilo linanisikitisha kila ninapolisoma.

Kutokana na habari ya Daud, dhana nyingine inajibiwa bila kuhitaji maneno mengi. Wapo wanaoieleza vita hii kuwa ya dini, Wakristo upande huu na Waislamu upande ule. Daud alikuwa Mwislamu, na waliomzingira walikuwa Waislamu. Fatuma, Malkia wa Unguja, alikuwa Mwislamu pia, naye alituma vyakula kuwasaidia waliokuwa ngomeni, jambo lililomgharimu kiti chake, kwani Waomani walipomaliza walimpeleka uhamishoni Maskati. Dini ilikuwapo, na Imamu aliitaja, na wapo watu wa Mombasa ambao miaka ya nyuma walipeleka ujumbe Oman kuomba msaada wa ndugu zao katika imani dhidi ya ukatili wa Wareno, ukatili ambao ulikuwa wa kweli. Lakini miji ya pwani ilikuwa na mambo yake ya muda mrefu. Miji ya Faza na Pate ilikaa kisiwa kimoja na haikupatana. Mji ulioona kwamba jirani yake amesimama na Oman uliona usalama wake uko kwa Mreno, na kinyume chake. Kuwaita watu hao vibaraka wa upande huu au ule ni kuwavua akili ya siasa waliyokuwa nayo kabla Vasco da Gama hajazaliwa.

Wapo pia wanaochanganya Imamu Saif na masultani wa Zanzibar. Saif bin Sultan alikuwa wa ukoo wa Yaarubi. Mabusaidi, ukoo wa masultani hao, walishika Oman katikati ya karne ya 18, na Seyyid Said, yule wa karafuu na wa Unguja, aliichukua Mombasa mwaka 1837 tu, tena kutoka kwa Mazrui, ukoo uliokuwa ukiitawala Mombasa, wala si kwa Wareno.

Dhana: mwaka 1698 Wareno waliondoka wasirudi tena

Msafara wa mwisho wa Goa ulipofika Desemba 1698 na kuona bendera nyekundu juu ya kuta, uligeuza matanga. Vitabu vingi vya shule hufunga ukurasa hapo, na mwanafunzi hubaki akiamini kwamba kaskazini mwa Rasi Delgado, karibu na mpaka wa leo wa Tanzania na Msumbiji, hakukuonekana tena Mreno mwenye silaha.

Miaka 30 baadaye walirudi. Askari waliowekwa ngomeni na Oman walikuwa wamegawanyika wao kwa wao, kwa sababu huko kwao Oman kulikuwa na vita vya kugombea uimamu, na Pate, iliyokuwa imechoshwa na Waomani, safari hii ilifanya mapatano na Mreno. Machi 1728, kwa kaskazi ileile, Wareno waliingia Ngome ya Yesu karibu bila vita. Namna walivyoipata inathibitisha lile lililoonekana kwa Daud na kwa Fatuma, kwamba mlango wa ngome hii ulifunguliwa na kufungwa na mapatano ya miji ya pwani kuliko ulivyofunguliwa na mizinga.

Hawakukaa sana. Walirudia tabia za zamani, na katika mwaka 1729 watu wa Mombasa wenyewe waliinuka dhidi yao. Safari hii waliozingira hawakuja kwa merikebu kutoka ng'ambo. Walikuwa watu wa mjini, waliokijua kisiwa, waliojua chakula cha ngome kinatoka wapi na kinapita njia gani. Hawakuwa na mizinga ya kuvunja ukuta, wala hawakuihitaji. Walikata chakula, wakangoja, na Goa ilikuwa mbali kwa upepo kama ilivyokuwa siku za Rodrigues Leão. Novemba 1729, kabla kaskazi haijaleta tanga lolote la msaada, askari wa Kireno walisalimu amri kwa sharti la kuachwa hai, wakapewa vyombo vya kusafiria, na wakashika njia ya Msumbiji.